Lini utawaona ndege wageni: upepo, mvua na maji ya bahari

Mara yangu ya kwanza kwenda Mida kutafuta ndege nilifika saa kumi jioni, jua limeanza kupoa, katikati ya Januari. Nilikuwa na darubini ya kuazima na uhakika wa mtu aliyesoma sana. Kila nilichosoma kilisema Januari ndio wakati wenyewe: hori la Mida, ule mkono wa bahari karibu na Watamu, pwani ya Kenya, hujaa ndege wa mbali, kutoka Siberia, kutoka Ghuba, kutoka kila mahali. Nilichokiona ni maji. Maji yalikuwa yamefika mpaka kwenye majani ya mikoko, yametulia kama kioo, na juu yake hakuna hata unyoya.

Mzee mmoja alikuwa akifunga mtumbwi wake. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutazama vitwitwi?"

Nikamwambia ndiyo, wale ndege wadogo wa ufukoni, ila naona wameshaondoka.

Akacheka. "Waende wapi? Leo bamvua, maji makubwa. Hapo unapopatazama, asubuhi nilikuwa natembea kwa miguu. Njoo kesho maji yakiwa yanaingia. Usingoje yajae."

Nilikuwa nimepata mwezi, nikakosa saa. Hapo ndipo watu wengi wanaposhindwa, kwa sababu swali la "lini" kwa ndege wageni halina jibu moja. Kuna saa ya upepo inayogawa mwaka, kuna saa ya mvua isiyofuata tarehe, na kuna saa ya maji inayogeuka kila siku. Halafu kuna ndege ambao hawafuati hata moja kati ya hizo, nao ndio wanaowachanganya watu zaidi.

Kwanza tutenganishe maneno mawili ambayo tunayatumia kama ndugu. Mgeni si lazima awe adimu, na adimu mara nyingi si mgeni. Mbayuwayu anayejaa kwenye nyaya za umeme kuanzia Septemba ni mgeni, lakini utachoka kumhesabu. Bundi mdogo wa Sokoke ni mwenyeji wa tangu na tangu, hajawahi kuhama hata kilomita ishirini, na bado watu hupanda ndege kutoka Ulaya kumtafuta yeye. Ukimtafuta adimu kwa kalenda ya mgeni, utarudi mikono mitupu.

Na hata hilo neno "mgeni" nalitumia kwa sababu ya mazoea tu. Chukua kijindege mmoja wa kahawia, mdogo kuliko shomoro, anayejulikana kwa wataalamu kama Acrocephalus palustris. Anafika Ulaya mwishoni mwa Mei, anajenga, anataga, analea, na kufikia Agosti ameshaondoka. Miezi iliyobaki yuko njiani au yuko Afrika: kwanza Sudani na Ethiopia, kisha Novemba na Desemba anapita Kenya, halafu anateremka kusini mpaka Machi. Mwaka 1979 mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire alichapisha kazi yake juu ya nyimbo za ndege huyu huko Ubelgiji. Dume hana wimbo wake mwenyewe wa kusema. Huimba kwa kuiga wengine. Kwa wastani kila dume aliiga aina 76 za ndege, na zaidi ya nusu yao, kama 45 hivi, walikuwa ndege wa Afrika. Yaani dume anakaa kwenye kichaka cha Ubelgiji anatongoza kwa sauti za shore na wenzake wa huku kwetu. Sasa hapo mgeni ni nani na kwao ni wapi, mimi sina hakika, lakini msemo wa "mgeni siku mbili" haumhusu.

Turudi kwenye upepo. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa kwamba mwaka una nusu mbili. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, na kusi hushika kuanzia Aprili hadi Septemba. Majahazi ya Oman na Ghuba yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi. Ndege wengi wana ratiba inayofanana na hiyo, ingawa wao huwahi: wa kwanza huanza kufika Agosti, kabla upepo haujageuka, na wa mwisho huondoka mwanzoni mwa Mei.

Hawakimbii baridi tu. Manyoya ni koti zuri, na ndege mwenye shibe huvumilia baridi kali. Kinachowaondoa ni chakula. Matope ya Aktiki yakiganda, mdomo hauingii; wadudu wakifa, hakuna cha kulisha mwili. Na kinachowarudisha kule, badala ya kustarehe hapa mwaka mzima, ni mchana mrefu wa kiangazi cha kaskazini, ambapo jua karibu halizami na wadudu ni wengi kiasi kwamba mzazi anaweza kulisha vifaranga karibu saa ishirini na nne. Huku kwetu mchana ni saa kumi na mbili tu, na wanaogombea chakula ni wengi.

Ila si wote wanatoka kwenye barafu. Yule ninayempenda kuliko wote Mida anatoka mahali penye joto kuliko hapa. Ni ndege mrefu, mweupe, mwenye mgongo mweusi, miguu ya kijivu na mdomo mnene mweusi kama koleo. Jina lake la kisayansi ni Dromas ardeola. Mimi namwita mla kaa, maana hiyo ndiyo kazi yake. Huzaliana kwenye visiwa na fukwe za Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia, kati ya Aprili na Agosti, wakati jua la huko linachoma mpaka mchanga haukanyagiki. Kwa hiyo hachimbi kijishimo cha juujuu kama vitwitwi. Huchimba handaki refu mchangani, na mle ndani jike hutaga yai moja tu, jeupe. Joto la mchanga lenyewe humsaidia kuliatamia. Baadaye huteremka na mtoto wake mpaka huku. Ukikaa kimya Mida mwezi wa Oktoba utawaona: mzazi anavunja kaa, na nyuma yake yuko mtoto, mkubwa karibu sawa na yeye, mgongo wa kijivu badala ya mweusi, kainamisha shingo analia lia akidai apewe. Amevuka maelfu ya kilomita kwa mabawa yake mwenyewe na bado anasubiri kulishwa.

Oman wanatuletea na kozi pia. Kuna kozi wa rangi ya moshi anayezaliana kwenye visiwa kama Fahal, karibu na Muscat, na Daymaniyat. Yeye amechelewesha uzazi wake makusudi. Wenzake wakiwa wameshamaliza, yeye ndio kwanza ana vifaranga, Agosti na Septemba, kwa sababu miezi hiyo ndege wadogo wanaohama hupita juu ya bahari wakiwa wamechoka, naye huwakamata na kulisha wanawe. Safari ya wengine ni sahani yake. Akimaliza naye huhama. Hupita Afrika Mashariki Oktoba na Novemba akielekea Madagaska.

Lakini hadithi ya kaskazi bila kozi wa Amur haijakamilika. Ana uzito wa gramu 150 hivi, pungufu ya simu iliyo mfukoni mwako. Huzaliana mashariki ya Siberia, Mongolia na kaskazini mwa China. Oktoba na Novemba hukusanyika kaskazini-mashariki mwa India, hasa Nagaland, wanakula mchwa warukao mpaka wananenepa. Mwaka 2012 dunia ilishtuka kuona picha za kijiji cha Pangti, ambako makumi ya maelfu yao walinaswa kwa nyavu za wavuvi na kuuzwa kama kitoweo. Mwaka uliofuata wanakijiji wenyewe walikuwa wameacha. Novemba 2013 kozi watatu walifungwa vifaa vya setilaiti na kupewa majina ya huko: Naga, Wokha na Pangti. Ndipo ikaonekana wazi: wanaikata India, wanaingia baharini, na kwa siku tano au sita hawatui popote mpaka wafike Somalia. Bahari peke yake ni kilomita 3,000 hivi. Wanaiweza kwa sababu kaskazi iko mgongoni mwao, na huenda pia kwa sababu kereng'ende wanavuka bahari hiyohiyo majuma hayohayo, chakula kinachosafiri pamoja na mlaji.

Basi mtu akisoma hayo huandika kwenye daftari: kozi wa Amur, mwisho wa Novemba. Anakwenda Tsavo tarehe 28 Novemba, anakaa siku tatu kwenye jua kali, haoni kitu. Hapo ndipo saa ya pili inapoingia.

Kozi hawa wakishafika nchi kavu huacha kufuata upepo, wakafuata mawingu. Mvua za vuli zinapopiga, kumbikumbi hutoka ardhini kwa mamilioni, na kozi hutembea mbele ya dhoruba na nyuma yake wakiwavuna hewani. Kama mvua imenyesha Voi, wako Voi. Kama imesogea Taveta, wamesogea. Siku moja anga ni tupu, kesho yake alasiri, baada ya mvua, kuna mamia wanazunguka juu ya barabara pamoja na mbayuwayu, kila mmoja akijikamatia. Kwa hiyo ushauri ninaotoa ni wa kizamani kabisa: usitazame tarehe, piga simu uulize kama kumbikumbi wametoka. Mtoto yeyote wa kijijini atakujibu, maana naye anawangojea na sufuria. Korongo weupe nao ndivyo walivyo. Wakisikia viwavijeshi au nzige mahali, huko ndiko waliko, na baada ya siku mbili hawapo.

Mvua hiyohiyo ndiyo inayoendesha flamingo, ambao watu wengi huwadhania kuwa wana msimu. Hawana. Flamingo wadogo wa Bonde la Ufa hutegemea mwani unaoota kwenye maji ya magadi ya kiwango fulani. Ziwa likifurika, maji hupungua chumvi, mwani hupotea, nao huondoka usiku bila kuaga, kutoka Nakuru kwenda Bogoria, au kuvuka mpaka. Kuzaliana ndio kabisa: karibu wote wa Afrika Mashariki hutegemea ziwa moja, Natron, kaskazini mwa Tanzania, na huko hutaga pale tu maji yanapokuwa na kina cha kuwazuia fisi bila kufunika viota. Mwaka mwingine hutaga, mwaka mwingine hawatagi kabisa. Mtu anayekuuzia safari ya "msimu wa flamingo" kwa tarehe anakuuzia bahati nasibu.

Mfano wa mvua unaonigusa zaidi ni wa mnana mmoja wa Kilifi. Mnana wa Clarke alipewa jina la kisayansi mwaka 1913. Hapatikani kokote duniani ila katika kaunti hiyo moja, kwenye misitu ya miti ya mirihi ya Arabuko-Sokoke na Dakatcha, kaskazini ya mto Sabaki. Na kwa miaka mia moja kamili hakuna mtaalamu aliyejua anataga wapi. Watu walimtafutia kiota juu ya mirihi, kwa kuwa huko ndiko wanakomwona akila, na minana ni ndege wa kuning'iniza viota mitini. Machi 2013 watu wa kikundi cha wanakijiji wanaohifadhi msitu wa Dakatcha, wakishirikiana na shirika la uhifadhi la Nature Kenya, walimkuta: amejenga kwenye majani ya bwawa, karibu na usawa wa maji, katika bwawa la msimu linalojaa mvua zikiwa nzuri na kukauka zikiwa mbaya. Mvua isipojaza bwawa, hakuna viota. Miaka mia moja watu walikuwa wanatazama juu.

Sasa kusi. Watu wengi hufunga darubini zao Aprili wakidhani wageni wamekwisha. Ukweli ni kwamba lango la pili ndio linafunguliwa. Kusini ya ikweta majira yamegeuka kinyume: kule Madagaska na kusini mwa Tanzania ndege wamemaliza kulea wakati wa mvua, kiangazi chao kikavu kinaanza, nao wanapanda kuja kwetu.

Kwenye mdomo wa Sabaki, kaskazini kidogo ya Malindi, kati ya Aprili na Septemba utakuta makundi ya ndege wadogo wa kahawia wenye mabawa marefu kama ya mbayuwayu, wamekaa mchangani wakiwa wameelekea upepo wote kwa pamoja. Hao huzaliana Madagaska. Kulasitara wa Madagaska naye hufika bara takriban Mei hadi Oktoba, na huyu ni adimu kwelikweli, anahesabiwa miongoni mwa walio hatarini kutoweka. Tatizo lake ni kwamba akivaa manyoya yake ya kawaida anafanana mno na binamu yake wa hapa, mwenye michirizi ya kahawia, na mabawa meupe yanayoonekana anaporuka tu. Kabla hajaondoka ndipo huanza kuvaa nyeupe tupu, na mdomo wake hugeuka buluu. Nikimwona kulasitara wa namna hiyo Julai naandika alama ya kuuliza na siioni aibu.

Wa kusi ninayemtafuta kila mwaka yuko Gede, kwenye magofu. Ni ndege wa sakafu ya msitu, Geokichla guttata kwa wataalamu, tumbo jeupe lenye madoa meusi kama ya chui, mabawa yenye mistari miwili ya nukta nyeupe. Wa jamii yake wanazaliana kusini mwa Tanzania, kwenye msitu wa Rondo mkoani Lindi, kisha Aprili au Mei hupanda mpaka pwani ya Kenya na kukaa hadi Oktoba au Novemba. Wanakaa chini, kwenye majani makavu, wanapindua jani moja moja. Ukiwa unatembea humwoni, kwa sababu akisikia hatua anaganda. Keti kwenye jiwe, nyuma ya msikiti wa zamani, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla ya mabasi ya watalii na ya shule. Utasikia majani kabla hujaona kitu. Kuna pia mgeni mwingine wa majani makavu, mnene, mkia mfupi, tumbo jekundu, mgongo wa kijani na mabaka ya buluu yanayong'aa: yule wataalamu wanayemwita pitta. Husafiri usiku, na taa za nyumba humpoteza. Aprili na Mei watu wa pwani humwokota asubuhi chini ya dirisha la kioo, amegonga, na hawajui ni nini kilichowaangukia.

Usiku na taa vinanileta Ngulia, Tsavo Magharibi, mahali ambapo saa ya upepo na saa ya mvua zinakutana. Hoteli ya pale ilijengwa ukingoni mwa mlima mwaka 1969, na mwaka huohuo iligunduliwa kwamba Novemba na Desemba, usiku usio na mbalamwezi, ukungu ukishuka, ndege wanaohama usiku hupoteza nyota, wakaiona taa, wakateremka kwa maelfu. Tangu hapo wataalamu na watu wa kujitolea huenda kila mwaka, hutandaza nyavu laini, huwakamata, huwapima, huwavisha pete ndogo mguuni na kuwaachia. Wamevisha laki kadhaa. Yule mwigaji wa Ubelgiji ndiye hujaza nyavu hizo kuliko karibu wote. Lakini katikati yao hutokea pia ndege wa matete anayezaliana kwenye mabwawa ya Iraki, yale yaliyokaushwa na serikali ya Saddam Hussein katika miaka ya 1990, naye yumo katika orodha ya walio hatarini. Mchana, kichakani, ungempita mara mia usimjue. Pale Ngulia anakuwa mkononi. Zingatia masharti: mwezi wa kalenda uwe sahihi, mwezi wa mbinguni usiwepo, mvua iwe imenyesha, ukungu ushuke. Kikikosekana kimoja, usiku mzima nyavu zinakamata popo.

Maji sasa, maana ndiyo yaliyoniaibisha. Kwenye pwani yetu, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndio wakati wa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na kwa kawaida hujaa karibu saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na kupwa karibu saa nne au tano. Kila siku huchelewa kama dakika hamsini. Kwa hiyo baada ya juma moja, wakati wa maji mafu, mambo yamegeuka, yanajaa saa nne asubuhi, na hayajai sana. Ndani ya hori kama Mida maji huchelewa kidogo kuliko ufukoni.

Sasa mfikirie ndege. Maji yakiwa yamepwa kabisa, tope limeenea kilomita nzima na ndege wametawanyika, wako kule mbali, nukta tu zinazotetemeka kwenye joto. Yakijaa kabisa, hawana pa kusimama, wamekwenda kulala kwenye vichanga na visiwa. Kati ya hayo mawili, maji yanapopanda, tope linapungua kidogo kidogo na linawasukuma kuja kwako, wakila kwa pupa kabla mlo haujafunikwa. Saa mbili hivi kabla ya kujaa, ukiwa umekaa na jua mgongoni, huhitaji hata darubini nzuri. Siku ya bamvua hiyo ni kama saa nane au tisa mchana. Wavuvi na wanawake wanaookota chaza wanayo hesabu hii kichwani. Sijui kwa nini vitabu vya ndege huiandika kwenye ukurasa wa mwisho.

Na ukishajua kupanga maji, miezi yenyewe inaanza kutofautiana. Januari wametulia, ndiyo sababu hesabu kubwa ya ndege wa majini barani Afrika hufanywa mwezi huo: hakuna anayesafiri, kwa hiyo hakuna anayehesabiwa mara mbili. Kwa uzuri, nenda Aprili. Vitwitwi waliokuwa wa kijivu miezi yote wanabadili mavazi kwa ajili ya ndoa. Wale wenye mdomo uliopinda kwenda chini, wanaozaliana Aktiki ya Siberia, wanakuwa wekundu kama tofali. Wananenepa mpaka wanaongeza nusu ya uzito wao na zaidi, mafuta ya safari. Na ukimwona mmoja Julai, wa kijivu, peke yake, usimhurumie. Wengi wa mwaka wa kwanza hawarudi kaskazini. Hawajafika umri wa kuzaa, basi waende kufanya nini?

Nimesema kuna wasiofuata saa yoyote. Bundi wa Sokoke ana kimo cha sentimita 16 hivi. Anaishi hasa kwenye sehemu moja ya Arabuko-Sokoke, ile ya udongo mwekundu na vichaka vya miti iitwayo Cynometra, na kwenye mabonde ya chini ya Usambara Mashariki. Wengine ni wa kijivu, wengine kahawia, wengine wekundu wa kutu. Hahami, kwa hiyo yupo Januari na yupo Julai. Cha kutafuta ni giza na sauti: tuu, tuu, tuu, tuu, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa taratibu. Mchana hulala chini, ndani ya kichaka, na waongozaji wa msitu ule wanaoingia alfajiri kumtafuta ndio njia ya uhakika, walipe vizuri. Usimchezee sauti yake kwenye simu mara kumi ukimwita. Anadhani adui ameingia kwake, anaacha kuwinda anakuja kupigana na simu. Ana shida za kutosha, ukizingatia kwamba bado tuko watu tunaoamini bundi ni ndege mbaya na kumrushia mawe.

Uadimu wa namna hii mara nyingi ni suala la nani ameangalia wapi. Mwaka 1991 watafiti kwenye milima ya Udzungwa walikuta miguu ya ndege ndani ya chungu cha kitoweo, miguu isiyofanana na ya kuku. Hivyo ndivyo sayansi ilivyompata kwale wa Udzungwa. Aliyempika alikuwa anamjua siku zote.

Wapo na waliopotea njia tu, kwa kawaida vijana katika safari yao ya kwanza, wakasukumwa na upepo au wakakosea mwelekeo. Hao hawana msimu wa kukuambia. Kinachoongeza nafasi ya kuwaona ni kuwajua vizuri wale wa kila siku, maana aliyepotea hujificha ndani ya kundi la wanaofanana naye.

Kama unataka kusaidia, andika mahali, tarehe, saa na hali ya maji, kisha uweke kwenye eBird, tovuti ya kuandikia ndege walioonekana, au kwenye ramani za ndege za Kenya na Tanzania. Andika hata siku ambayo hukuona kitu, mradi useme ulitafuta. Daftari langu la Mida linaanza hivi: "Saa kumi jioni. Bamvua, maji yamejaa. Hakuna." Mstari wa pili ni wa kesho yake, saa nane u nusu, maji yanaingia, na mwandiko umeharibika kwa sababu nilikuwa nimesimama kwenye tope na daftari juu ya goti moja: "Mla kaa, wengi, karibu. Mmoja kijivu, analia. Kapewa mguu wa kaa. Analia tena."